Korja, Hekta, Tani, Mnyoo

Ukitaka kujua watu walikuwa wanaona nini walipoutazama msitu wa mikoko, uliza walikuwa wanauhesabu kwa kipimo gani. Kwetu pwani kipimo cha zamani ni korja. Korja moja ni miti ishirini, na miti yenyewe ina majina kulingana na unene, kutoka mwembamba hadi mnene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Angalia kwamba hayo yote ni majina ya mti ulioshalala chini. Ukiwa bado umesimama majini unaitwa mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia. Ukishakatwa ndipo unapata jina la sokoni.

Biashara hiyo ni ya kale kweli. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kuhusu Siraf, mji wa bandari upande wa Iran wa Ghuba, akasema nyumba zake zimejengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Zanj ndiyo pwani hii yetu. Miaka elfu moja baadaye mambo yalikuwa karibu yale yale: majahazi yanashuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yanarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti. Mwaka 1939 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, lilipoingia delta ya Rufiji huko Tanganyika kupakia miti. Aliandika kitabu kuhusu safari ile, na sehemu ya Rufiji haina utalii hata chembe. Ni tope, joto na mbu, na mabaharia waliochoka wakihamisha miti kutoka msituni hadi chomboni.

Kama hujawahi kushika boriti mkononi, huenda umewahi kulala chini yake. Ingia nyumba ya zamani ya mawe Lamu, au Mji wa Kale hapa Mombasa, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba kama korido, upana kama mita 3 hivi au chini ya hapo. Si ati mafundi walishindwa kuwaza ukumbi mpana. Boriti ndiyo ilikuwa inaamua, kwa sababu dari haiwezi kuvuka urefu wa mti unaolibeba. Kuwait na Bahrain, ambako boriti zetu waliziita chandal, vyumba vya zamani vina wembamba ule ule. Yaani kuna watu wa Ghuba waliozaliwa, wakaoa na wakafa ndani ya vyumba vilivyopimwa na mkoko wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Kuna watu hupenda kusema uhifadhi ulianzia hapo. Mimi naona ule ulikuwa uhifadhi wa korja: msitu ulindwe ili miti iendelee kutoka na leseni ziendelee kulipiwa. Halafu 1982 ikaja amri ya rais, boriti zisiuzwe tena nje ya nchi. Kwa Lamu, ambako ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hilo lilikuwa pigo kwa familia zilizokuwa zikiishi kwa shoka na mashua. Lakini msumeno haukulala. Miji ya pwani ilikuwa inakua, hoteli zinaota kando ya bahari, na zote zinataka nguzo. Na Gazi, kule Kwale, mikoko ilikuwa imeshapata mkosi wake miaka ya 1970, ilipokatwa kuwa kuni za tanuri za chokaa na matofali. Huko hata kuchagua boriti na pau hakukuwa na maana. Kila kitu kiliingia motoni.

Kipimo cha pili, hekta, kililetwa na picha za ndege na baadaye satelaiti. Mkaa ofisini sasa angeweza kuona msitu wote bila kuloa miguu. Ndiyo tukajua kwamba Kenya ina hekta kama 61,000 za mikoko, na kwamba kati ya 1985 na 2010 tulipoteza takriban asilimia 18 ya tuliyokuwa nayo. Ni hesabu muhimu, siidharau. Ila ukiwa angani, hekta iliyojaa kaa, kamba na samaki wachanga na hekta ambayo ni miti tu zinaonekana rangi moja ya kijani.

Kipimo cha tatu unakijua, maana ndicho kinachoimbwa siku hizi: tani za kaboni. Hapa pia Gazi ndiyo iliyotangulia. Tangu 1991 watafiti wa KMFRI, akiwemo James Kairo, walikuwa wakipanda upya zile sehemu zilizofyekwa, na mwaka 2013 kijiji kikaanza mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ya kaboni kwa mwaka, zinauzwa kwa watu na kampuni za mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Vanga nao wakafuata na mradi wao. Sina neno baya kuhusu watu wa Gazi, wamefanya jambo ambalo miji mikubwa imeshindwa. Lakini kipimo ni kipimo. Mti ukisimama na ukanenepa, tani ipo, hata kama hakuna ndege anayetua juu yake.

Kuna kipimo cha nne, hakina soko wala cheti, na ndicho nilichotaka kukuandikia. Ni mnyoo wa tumboni mwa samaki.

Najua. Vumilia kidogo.

Mtaani kwetu kuna mama karanga ninayemheshimu sana. Mwaka juzi alikuwa ameketi mbele ya karai lake asubuhi, anapasua tafi, na kwenye utumbo wa mmoja akatokea mnyoo mweupe, mwembamba, amejikunja kama uzi uliokatika kwenye cherehani. Dada mmoja aliyekuwa kwenye foleni akatoa simu. Kufika jioni ile video ilikuwa imezunguka grupu ya mtaa, na chini yake maneno ya kila aina: samaki wa maji taka, samaki wa sumu, huyu mama atatuua. Siku tatu nzima hakuuza hata nusu ya karai. Siku ya nne nikaenda kununua, nikamuuliza kama amewahi kuona wadudu hao kabla.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye samaki," akaniambia. "Yule wa kwenye friji la duka unamwona msafi kwa sababu tumbo lilishatupwa. Tumbo ndilo nyumba ya hao wadudu. Na nikwambie kitu. Zamani mkizi wa hapa ndani, ukimfungua, hao wadudu hukosi. Siku hizi nafungua, ni msafi kabisa. Lakini huyo mkizi mwenyewe yuko wapi?"

Nilienda nyumbani na samaki wangu na hilo swali. Kumbe kuna watu waliotumia maisha yao yote ya kazi wakilijibu.

Tuanze na jinsi mnyoo anavyoishi, kwa sababu bila hapo hutaelewa kwa nini ni kipimo. Chukua minyoo bapa, wale wadogo wanaojificha ndani ya samaki kama vinukta. Wengi wao hawawezi kumaliza maisha yao ndani ya mnyama mmoja. Yai linadondoka na kinyesi cha ndege kwenye tope. Konokono anakula tope, yai linaanguliwa ndani yake, na mnyoo anaanza kujizidisha humo mpaka konokono anakuwa kama kiwanda. Kutoka kwa konokono wanatoka watoto wenye mikia, wanaogelea, wanatafuta samaki, wanatoboa ngozi na kujificha ndani yake. Hapo wanasubiri. Samaki akiliwa na kulastara au yangeyange, mnyoo anafika tumboni mwa ndege, anakomaa, anataga, na mayai yanarudi kwenye tope.

Sasa hesabu mwenyewe. Ili huyo mnyoo awepo, lazima konokono awepo, samaki awepo, ndege awepo, na wote wakutane mahali pamoja, mara nyingi, mwaka baada ya mwaka. Akikosekana mmoja, mnyoo anakufa. Kwa hiyo ukipasua samaki ukamkuta, unashika mkononi ushahidi kwamba majirani wote watatu bado wanajuana. Satelaiti haiwezi kukupa hilo.

Kazi iliyofungua macho ya watu wengi ilifanyika mbali na sisi, kwenye mabwawa ya maji ya chumvi ya California, ambako hakuna mikoko lakini kuna tope lile lile la kujaa na kupwa na konokono wa ukoo mmoja na wa kwetu. Mwaka 1996 Kevin Lafferty na Kimo Morris walichapisha utafiti kuhusu kisamaki kidogo cha huko ambacho mnyoo mmoja hukaa juu ya ubongo wake. Kisamaki chenye mnyoo kinaruka ruka, kinapanda juu ya maji, kinageuza ubavu unang'aa. Ndege wakakila mara 10 hadi 30 zaidi ya kile kisicho na mnyoo. Ni kama mnyoo ameshika usukani. Mtu anaweza kusema hiyo ni hadithi ya kutisha, na inatisha. Lakini iangalie kwa jicho la yangeyange: mnyoo ndiye aliyemwekea chakula mezani.

Mwaka 2008, Armand Kuris na wenzake wakapima uzito. Walikwenda kwenye milango mitatu ya mito ya California na Baja California, wakapima kila kitu, kaa, konokono, samaki, ndege, na vimelea wote ndani yao. Vimelea, hawa tunaowaona kama uchafu, kwa jumla walizidi uzito wa wanyama wawindaji wa juu wa mahali pale. Wale watoto wenye mikia wanaotoka kwa konokono, peke yao, kwa mwaka walizidi uzito wa ndege wote. Vitabu vya shule vilivyotuchorea mtandao wa chakula, mshale kutoka nyasi kwenda panzi kwenda chura, viliacha nje sehemu kubwa ya karamu.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo na hauna makeke. Huko huko California, kwenye bwawa la Carpinteria, mwaka 1997 watu walirudisha eneo lililokuwa limeharibiwa, kama Gazi walivyofanya. Todd Huspeni na Lafferty hawakuhesabu majani. Walikusanya konokono kila mara, wakawapasua na kuangalia ni wangapi wana minyoo. Mwanzoni, kwenye eneo lililorudishwa, minyoo walikuwa wachache mno ukilinganisha na sehemu nzima za jirani. Ilichukua kama miaka sita kukaribia kulingana. Mimea ilisharudi. Kilichokuwa kikingojewa ni ndege kuzoea, kula, kunya, na konokono kula tope, na samaki kukaa. Matokeo yalichapishwa 2004, na tangu hapo kuna njia ya kuuliza msitu uliopandwa swali ambalo mbao ya mradi haijibu: je, umeshaanza kuishi?

Turudi nyumbani, maana pwani hii haikusubiri California kujua kwamba samaki wake wana wageni. Miaka ya 1990 watafiti wa Ubelgiji walichunguza tafi wa pwani ya Kenya, yule yule wa kwenye karai la mama karanga, nje na ndani. Makala zilitoka 1995 na 1997. Moja ilijikita kwenye mashavu tu: ni sehemu gani ya shavu la tafi kila kimelea anachagua kukaa. Ukisoma hivyo haraka unaweza kucheka, watu wamepanda ndege kutoka Ulaya kuja kupima mashavu ya samaki. Lakini fikiria shavu la tafi kama jengo la ghorofa. Kila mpangaji na chumba chake, na ukitaka kujua kama mtaa umebadilika baada ya miaka thelathini, unahitaji mtu aliyeandika nani alikuwa anaishi wapi.

Na hapo ndipo historia inaponishika. Kipimo bila rekodi ya jana hakina kazi. Mama karanga anasema zamani mkizi alikuwa na wadudu na sasa hana. Namwamini. Lakini mtu wa ofisini atasema hiyo ni kumbukumbu tu ya mzee. Tungeweza kumjibu vipi?

Tungefungua chupa. Mwaka 2023 Chelsea Wood na wenzake huko jimbo la Washington, Marekani, walichapisha kazi ambayo kila mwanahistoria angepaswa kuionea wivu. Walikwenda kwenye makabati ya makumbusho, wakachukua samaki waliohifadhiwa kwenye chupa kutoka ghuba ya Puget Sound, wa zamani zaidi alivuliwa 1880. Samaki 699, spishi 8. Wakapasua kwa uangalifu, wakatoa vimelea zaidi ya 17,000, wakahesabu. Waliona kwamba vimelea wenye maisha marefu ya kupita wanyama watatu au zaidi walipungua sana, na kwamba kwa kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka baharini, idadi yao ilishuka kwa asilimia 38. Zaidi ya karne moja ya historia ya bahari, imeandikwa na minyoo, imekaa kwenye rafu na hakuna aliyejua kwamba ni kumbukumbu.

Na samaki wa kwetu je? Wako chupani pia. Miaka ya 1860 Luteni Kanali Robert Lambert Playfair alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na pembeni ya siasa za masultani na biashara ya watumwa alikuwa akinunua samaki na kuwatuma London kwa Albert Günther wa jumba la makumbusho. Mwaka 1866 wakatoa kitabu chao kuhusu samaki wa Zanzibar. Karibu karne moja baadaye, 1952, J.L.B. Smith na mkewe Margaret walikuja Zanzibar na Kenya kukusanya samaki, wengine kwa nyavu na wengine, ndiyo, kwa baruti. Ni katika kurudi kutoka safari hiyo ndipo Smith alipopata telegramu maarufu kuhusu silakanthi aliyevuliwa Komoro, na dunia ikasahau kila samaki mwingine aliyekuwa kwenye mizigo yake. Makusanyo ya Smith yako Makhanda, Afrika Kusini. Ya Playfair yako London.

Samaki anayetumbukizwa mzima kwenye spiriti anaingia na kila kilichomo tumboni mwake. Tunapozungumza kuhusu vitu vyetu vilivyochukuliwa, huwa tunataja ngoma, viti vya enzi, mafuvu. Na tuendelee kutaja. Ila ningependa kwenye orodha hiyo tuongeze minyoo. Hakuna haja ya kurudisha chupa kwa meli. Kijana wa Pwani University akipewa nafasi ya kuwapasua samaki hao na kuhesabu, tungeanza kujua bahari ya kina Playfair ilikuwa na ndege wangapi juu yake na konokono wangapi chini.

Lazima niseme jambo hapa kabla hujaenda kuwatangazia watu kwamba mnyoo ni dalili ya usafi. Inategemea ni kimelea gani. Kuna vijidudu vya kwenye mashavu na ngozi, kama trikodina, ambavyo haviitaji konokono wala ndege. Vinahama kutoka samaki hadi samaki moja kwa moja, na maji yakijaa maji taka vinastawi vibaya sana. Maji taka tunayo. Kriki ya Tudor imekuwa ikipokea ya Mombasa kwa miaka mingi, na Mtwapa nayo ina ya kwake. Kwa hiyo samaki wa huko anaweza kujaa aina hiyo na akose kabisa wale wa safari ndefu. Hilo ndilo la kutisha, kukonda kwa orodha huku jina moja likijaa. Ni kama mtaa ambao maduka yote yamefungwa yakabaki ya kubeti.

Na swali la kula, maana najua ndilo ulilobaki nalo. Samaki akiiva vizuri mpaka ndani, nyuzi 63 na kuendelea, mnyoo amekufa, na karai la mafuta linapita hapo mbali. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba pia inamuua. Balaa liko kwenye mbichi. Misri wanalijua siku nyingi: mkizi wa maziwa ya chumvi ya kule kaskazini wana mnyoo bapa ambaye Theodor Bilharz alimkuta 1851 alipokuwa akipasua maiti Cairo, na wanaokula fesikh, mkizi wa chumvi asiyepikwa, wakati mwingine humpata. Mama karanga wetu hakuwahi kumlisha mtu mbichi. Video ile ilimwonea.

Sasa hii inatuhusu nini sisi tunaoalikwa kupanda mikoko? Umeshaenda, najua. Unapewa fulana, unapewa miche mitano, mnapiga picha na magoti yana tope, basi linarudi kabla maji hayajajaa. Mara nyingi unachopanda ni mkoko wenyewe, yule wa mizizi ya matao, kwa sababu mche wake ni mrefu kama kalamu na unachomeka tu. Mchu na mlilana vinataka kazi zaidi. Na mara nyingi tunapanda pale penye nafasi, kwenye tambarare ya tope ambako kama mikoko ingetaka kuota ingeshaota. Sri Lanka walifanya hivyo kwa nguvu baada ya tsunami ya 2004. Wanasayansi walipozunguka sehemu 23 zilizopandwa, kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 walikuta zilizobaki ni kama 200 tu, na sehemu tisa hazikuwa na hata mti mmoja. Miche ilihesabiwa siku ya kupanda. Baada ya hapo hakuna aliyerudi.

Gazi walirudi. Ndiyo tofauti yao. Watafiti walirudi wakahesabu kaa kwenye mikoko iliyopandwa, wakahesabu samaki wachanga kati ya milana iliyopandwa na ya asili, wakalinganisha. Mimi ninachoomba ni hatua moja zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Mwaka 2020 kundi la wanasayansi lilichapisha mpango wa dunia wa kuhifadhi vimelea, na watu wengi walidhani ni mzaha. Hifadhi ya minyoo, serious? Lakini hakuna haja ya kujenga hifadhi. Inatosha kuwaweka kwenye daftari, pale pale penye hekta na tani.

Na wa kuanza naye tunaye. Nenda Mida, kule Watamu, maji yakiwa yamepwa, au hata nyuma ya Mikindani kama utavumilia harufu. Kwenye mashina ya mchu utaona konokono wadogo wa kahawia, ncha ya gamba imevunjika kana kwamba mtu aliikata. Jina lake la kisayansi ni Cerithidea decollata. Watafiti wa Italia walikaa miaka wakimchunguza Mida kwa sababu ana kipaji cha ajabu: anaanza kupanda mti kabla maji hayajafika, kama mtu aliyesoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa kupwa huwa chini wanakula tope. Ni jamaa wa konokono wale wa California, ukoo mmoja, kazi moja.

Kwa hiyo siku ya kupanda mikoko, ukishachomeka miche yako mitano, okota konokono ishirini kutoka msitu wa zamani na ishirini kutoka pale mlipopanda miaka mitano iliyopita. Korja moja na korja moja. Vaa glavu. Weka kila mmoja kwenye kikombe cha plastiki cheupe chenye maji safi ya bahari, panga vikombe chini ya taa, subiri saa chache. Shule yoyote ya upili yenye darubini moja inaweza kumaliza kazi iliyobaki, ila wakati mwingine hata jicho tupu linatosha kama mwanga ni mzuri. Maji yatabaki matupu kwenye vikombe vingi. Kwenye kimoja au viwili, kama bahati ipo, utaona vumbi linalotikisika, vinukta vyenye mikia vinavyopanda na kushuka vikitafuta samaki. Andika tarehe, mahali, na ni vikombe vingapi kati ya ishirini. Kisha warudishe konokono pale pale ulipowatoa.